Kisomeo Hakina Kosa, Kimelishwa Vibaya

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hutufikia hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda, kwa basi la asubuhi. Siku foleni ikikaza hutufikia jioni, likiwa limeshapita mikononi mwa makondakta. Toleo la Jumamosi nililisomea chini ya taa ya yadi ya malori, na humo nikakuta barua ya msomaji mwenzangu anayelalamika kwamba alinunua kisomeo, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa pesa nzuri, akakijaza vitabu vya bure mpaka akachoka kuhesabu, na sasa kimelala kabatini mwaka wa pili. Akamaliza kwa kuwaonya wengine wasitupe pesa zao. Naomba nafasi nimjibu. Ugonjwa wake niliuugua mimi, nikapona, na nasikia uchungu mtu kuacha kusoma kwa sababu ya jambo linalotengenezeka kwa jioni mbili.

Mimi ni mama wa miaka 59, wakala wa forodha. Nimezaliwa Tororo katika landhi za reli, baba akifanya kazi stesheni. Jirani wetu wa kulia alikuwa Mnubi, wa kushoto Mkamba, sisi Jopadhola, kwa hiyo lugha ya uani ilikuwa Kiswahili, na mpaka leo nikiota ndoto naota kwa Kiswahili. Kazi yangu ni ya kusubiri. Karatasi zimeingia kwenye mfumo, gari liko kwenye foleni, dereva amelala chini ya trela, na wewe wakala unangoja jina la mzigo wako lijitokeze kwenye skrini, saa nne usiku, saa nane, hata alfajiri.

Mwaka 2020 madereva walipoanza kupimwa Korona mpakani, kungoja kule kuligeuka kukesha. Malori yalijipanga kilomita kwa kilomita upande wa Kenya, na hakuna gari lililovuka kabla majibu ya dereva hayajatoka. Mpwa wangu wa Kampala akanionea huruma, akanitumia Kindle yake ya zamani, kisomeo cha kampuni ya Amazon, ya inchi 6, isiyo na taa ndani. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ambako watu hurushiana vitabu, nikapakua kila kilichopita mbele yangu, mpwa akanionyesha kuviingiza kwa waya. Baada ya wiki tatu nilikuwa na faili 340, nyingi zinaitwa DOC na tarehe na WA mbele ya namba. Kusoma, nilikuwa sijamaliza hata kitabu kimoja. Nikifungua, maandishi ni madogo kama ya nyuma ya paketi ya dawa. Nikiyakuza, ukurasa unatoka nje ya kioo na inabidi niusukume kulia na kushoto kwa kila mstari. Macho yangu hayakuwa na uwezo huo. Nikakifunga ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, nikakiweka chini ya daftari za risiti, nikarudi kwenye simu.

Kosa halikuwa la kifaa, na ndilo neno ninalotaka mwenzangu alisikie. Zile faili zilikuwa PDF. PDF imetengenezwa ili ukurasa ubaki vilevile ulivyochapwa, kila herufi mahali pake, na aghalabu ni ukurasa wa karatasi kubwa ya ofisini. Ukiulazimisha ukurasa huo uingie kwenye kioo cha inchi 6, hauwezi kujipanga upya, unasinyaa tu. Kitabu cha kisomeo ni faili ya aina iitwayo EPUB, au AZW3 kwa hizi za Amazon. Humo maneno hayakufungwa kwenye ukurasa. Yanatiririka, ukikuza herufi mistari inajipanga yenyewe, na kitabu cha kurasa 200 kinakuwa cha kurasa 500 bila neno moja kupotea. Siku nilipoiona tofauti hiyo kwa macho yangu nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nimeshaamini kwamba umri umenifungia mlango wa vitabu.

Aliyenifungua macho ni kijana wa duka la fotokopi karibu na steji ya bodaboda. Ana programu ya bure kwenye kompyuta yake inaitwa Calibre, aliyoianzisha Kovid Goyal mwaka 2006, na haihitaji intaneti ikishawekwa. Unaitupia faili, unaiambia kifaa chako ni kipi, inakugeuzia. Lakini msomaji asidhani ni muujiza. Kwanza angalia kama PDF yako ni maandishi au ni picha: ifungue kwenye simu, bonyeza neno moja ulishikilie. Likijipaka rangi peke yake, ni maandishi, litageuka. Ukurasa ukikaa kimya, mtu alipiga kitabu picha kurasa kwa kurasa, na picha hailainiki kwa kugeuzwa. Hizo zifute au zisome kwenye kompyuta. Pili, hata PDF ya maandishi ikigeuzwa hutoka na makovu: namba ya ukurasa inajitokeza katikati ya sentensi, aya inakatika pasipo sababu. Kwa kitabu ninachokipenda huwa navumilia. Kwa kingine natafuta EPUB tangu mwanzo na kuepuka kazi yote hiyo.

Wenye Kindle wajue pia kwamba EPUB iliyoingizwa kwa waya haifunguki, mpaka uigeuze AZW3. Ukiituma kwa anwani ya barua pepe ambayo Amazon wamekipa kifaa chako, wanaipokea tangu 2022 na kukugeuzia wenyewe, ila sharti anwani yako unayotumia kutuma uwe umeiruhusu kwenye akaunti, la sivyo faili haifiki na utadhani kifaa kimeharibika. Wenye Kobo, visomeo vya kampuni nyingine, hawana shida hii, yao inafungua EPUB moja kwa moja.

Nikafuta nyingi katika zile 340. Nyingine nilizifuta kwa sababu nyingine kabisa, nitaifikia.

Sasa hivi kisomeo changu kina vitabu tisa, na sikiruhusu kupita kumi. Uwezo wake ni maelfu, najua. Lakini mimi ni mtu wa forodha, nimeona maghala, na ghala lililojaa mpaka mlangoni hakuna anayejua kilichomo. Vingine vyote viko kwenye flashi, kila kimoja na jina lake halisi na jina la mwandishi, kwa maana ndani ya Calibre unaweza kuandika upya jina la faili lile la DOC likawa jina la kitabu. Kazi hiyo ilinichukua Jumapili mbili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vitabu ni mali.

Jambo ambalo sijaona likiandikwa popote, na linatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili hasa, ni urefu wa maneno yetu. Chukua neno kama "wasingelimwambia". Ukikuza herufi kwa macho ya miaka 59, neno hilo linamaliza nusu ya mstari. Kisomeo changu hakijui pa kulikata neno la Kiswahili. Basi hulisukuma zima mstari wa chini, kisha hunyoosha maneno mawili yaliyobaki juu ili yafike pembeni, na katikati yanabaki mapengo ambayo jicho linajikwaa. Dawa niliyoipata ni hii: punguza nafasi ya pembeni kushoto na kulia mpaka ya mwisho, na wakati wa kugeuza ndani ya Calibre chagua maandishi yapangwe kushoto tu, upande wa kulia uache ukiwa na meno. Chagua fonti nene kidogo. Tangu nifanye hivyo nasoma saa mbili bila kupumzisha macho, na hiyo miwani ninayoivaa ni ya mwaka juzi.

Kamusi ya ndani ni habari nyingine. Kwa Kiingereza inanifaa sana: nabonyeza neno, maana inatokea. Kwa Kiswahili hakuna kamusi iliyokuja na changu, na hata ukiipata ya kuingiza, bado lugha yetu inabadilika mbele ya neno, si nyuma tu. Mtu akibonyeza "hakuniambia", kifaa kinatafuta kwenye herufi H, wakati neno lenyewe limelala kwenye "ambia". Mwenye lugha huliona mara moja. Mtoto anayejifunza haoni, na mashine haioni. Natamani sana vijana wetu wanaosoma kompyuta vyuoni walishike tatizo hili. Kwa sasa natumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya karatasi ya mwaka 1981, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia, nayo inakaa mezani pembeni ya kisomeo.

Hapo ndipo niliposomea na mjukuu wangu, na kama si yeye pengine nisingeandika barua hii.

Wasomaji wa nje huenda wamesahau: shule zetu Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Mjukuu alikuwa darasa la tano. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuelewa bei na matusi ya madereva. Nilimpakulia hadithi fupi za African Storybook, ambazo ni za bure kwa ruhusa ya wenyewe, zipo za Kiswahili na zipo za Kiganda. Picha za rangi hugeuka kijivu kwenye kisomeo, hilo nalisema wazi, na mtoto mdogo anayefuata picha ni afadhali umpe simu. Wangu alikuwa ameshafika umri wa kufuata maneno. Nikampa sharti moja: kila neno usilolijua, lipigie mstari kwa kidole, usisimame, endelea mbele. Usiku nikitoka yadi naunganisha waya kwenye kompyuta, nafungua faili moja ndani ya Kindle iitwayo My Clippings, na mistari yote aliyopiga imejiorodhesha humo yenyewe, na tarehe na saa. Wiki ya kwanza alipiga maneno 61. Asubuhi tunakaa na kamusi ya uzi wa gunia, yeye anatafuta, anaandika kwenye daftari kwa mkono wake. Miezi ilivyokwenda maneno yalipungua, akaanza kupiga mstari si kwa kutojua bali kwa kupenda. Usiku mmoja nilikuta amepigia sentensi nzima, inaeleza mvua ilivyoingia kwenye paa la makuti, na hapakuwa na neno gumu hata moja ndani yake. Nililia, Mhariri. Sioni aibu kuisema.

Wengi wanaomiliki visomeo hawaijui faili hiyo. Wanapiga mistari miaka na miaka, hawajui kwamba inakusanywa. Unaweza kuinakili, kuichapa, kumtumia mwanao. Mimi ninazo zangu tangu 2020 na nimezichapisha kwa yule kijana wa fotokopi, zimejaza faili la plastiki.

Dereva mmoja wa kutoka Mombasa aliniuliza kwa nini kioo changu hakiwaki kama simu. Nilimweleza nilivyoelezwa. Ndani ya kioo kuna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji ya umeme. Umeme unazivuta nyeusi juu ili ziandike herufi, kisha zinabaki hapohapo hata umeme ukikatwa. Betri inafanya kazi unapofungua ukurasa, ukiwa unasoma imelala. Ndiyo maana jua la saa saba mchana halikisumbui, unasoma kama karatasi, wakati simu unaifunika kwa kiganja. Mimi nikizima Wi-Fi na kukiacha kwenye hali ya ndege, chaji inakaa wiki tatu na zaidi, na huku kwetu umeme unavyokatika hilo si jambo dogo. Usiku nafunga kitaa cha sola kwenye jalada. Vumbi la barabarani ndilo adui, na kaveera linatosha.

Pesa ya intaneti nayo watu huihofu. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, na kila mtu anaihesabu. Lakini kitabu kizima cha maneno matupu mara nyingi hakifiki megabaiti 1. Video moja ya mzaha unayorushiwa na shemeji yako inaweza kubeba rafu nzima ya vitabu. Unapakua mara moja, unasoma mwezi mzima bila laini.

Kuna kisichofaa kuwekwa humo, nami nilijaribu. Kitabu cha ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, toleo la 2022 lenye yale madaraja manne ya asilimia 0, 10, 25 na 35, ni jedwali tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nililigeuza likawa supu ya namba. Hilo liache kwenye kompyuta. Ila Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 ni maandishi yenye vifungu, imegeuka vizuri, na kipengele cha kutafuta neno kimenisaidia kubishana kwa adabu na afisa mbele ya mteja wangu, nikamwonyesha kifungu palepale. Kisomeo ni cha kitu kinachosomwa kwa mtiririko. Kwa kitu cha kuchungulia kurasa huku na huku, hakina mikono.

Sasa ile sababu nyingine ya kufuta. Katika zile faili 340 mlikuwa na riwaya za watu walio hai, wanaoishi hapahapa Afrika Mashariki, zimepigwa picha na kusambazwa bure. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Lakini hata sheria isingekuwapo, mimi hutoza ada ya kazi yangu, na anayekaa miaka mitatu akiandika riwaya naye anakula. Nilizifuta na kuanza kununua, na hapo ndipo nilipogonga ukuta.

Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam, mkisoma gazeti hili, naomba mnisikilize kwa makini. Hapa Uganda Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kikaingizwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mtaala wa sekondari wa 2020 ukakiweka kuwa somo la lazima kwa vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena kwa nguvu mpya. Mjukuu wangu amekikuta darasani. Lakini Malaba hakuna duka la riwaya za Kiswahili, wala Tororo sijaliona. Mimi nikitaka riwaya humpa kondakta pesa na karatasi yenye jina la kitabu, akanunue Bungoma au Eldoret. Mara nyingine anarudi nacho, mara nyingine anarudi na kingine, mara nyingine na pesa yangu na pole. Wakati huohuo PDF haramu ya kitabu kilekile inanifikia kwa dakika moja, bure, bila mimi kuiomba.

Tuuzieni EPUB. Isiwe PDF ile mliyompelekea mpiga chapa. Nataka EPUB iliyotengenezwa kwa mkono wa mtu anayejali, yenye orodha ya sura inayobonyezeka, isiyo na namba za kurasa katikati ya sentensi. Ipokeeni pesa ya simu kutoka Uganda, maana wengi wetu hatuna kadi ya benki. Wekeni bei ambayo mwalimu wa Pallisa ataiweza. Mnaogopa itasambazwa, naelewa, lakini vitabu vyenu vimeshasambazwa, tena vikiwa vibovu, na sisi tulio tayari kulipa ndio pekee tusiofikiwa. Na wewe Mhariri, zile hadithi fupi mnazochapa mwishoni mwa wiki, zikusanyeni za mwaka mzima mtuuzie kwa namna hiyohiyo. Mimi nitakuwa mnunuzi wa kwanza kutoka upande huu wa mto.

Kwa yule mwenzangu wa kabatini: akipita Malaba, aulize ofisi za mawakala zilizo karibu na steji, aseme anamtafuta mama wa Kindle, ataonyeshwa. Jumapili baada ya saa nane huwa nina nafasi. Aje na kisomeo chake na waya wake, na waya uwe wa kupitisha data, kwa sababu zipo zinazochaji tu na mtu akahangaika nazo mchana kutwa. Aje pia na majina ya vitabu vitatu ambavyo kweli anataka kuvisoma mwaka huu. Vile vingine mia kadhaa tutavihamishia kwenye flashi pamoja.

Mama wa Forodha,
Malaba, Tororo,
Uganda.